Demosthenes au Cicero: ukitaka kusoma maisha ya wakubwa wa kale, uanze na yupi?

Swali hili naulizwa sana na vijana tunaokaa nao Jumamosi kwenye mazoezi ya mdahalo, nimeona bora niliandike lote mara moja kuliko kulijibu nusunusu kila wiki. Mtu anataka kuanza kusoma maisha ya viongozi wa Ugiriki na Roma ya kale, kamsikia Alexander, kamsikia Julius Caesar, basi anataka aanze na hao. Mi huwa nasema subiri kwanza. Hao wawili ni vita mwanzo mwisho, utasoma miji inavyotekwa mpaka uchoke, na wewe huna jeshi. Kuna wawili wengine, Demosthenes wa Athene na Cicero wa Roma, ambao hawakuwa na kitu zaidi ya mdomo, wakapanda juu kwa mdomo huohuo, na wote wakaishia kuuawa au kujiua mbele ya askari. Hao ndio wa kuanza nao kama unataka kujua mtu wa kawaida akipewa uongozi anakuwaje.

Anayetusimulia ni Plutarch, Mgiriki aliyeishi karne ya kwanza na mwanzoni mwa ya pili BK. Staili yake ilikuwa anachukua Mgiriki mmoja na Mrumi mmoja, anaeleza maisha ya huyu, kisha ya yule, halafu mwishoni anawapandisha wote kwenye mizani. Jozi 22 zimetufikia, ya Demosthenes na Cicero ni mojawapo. Na jamaa nampenda kwa sababu mwanzoni kabisa anakiri kwamba Kilatini alijifunza ukubwani, kwa hiyo hatathubutu kupima nani alikuwa na hotuba tamu zaidi, atapima tabia na matendo yao basi. Anasema pia kwamba anaishi mji mdogo na hataki kuuhama usije ukazidi kuwa mdogo. Mji wenyewe ni Chaeronea. Shika hilo jina, litarudi.

Waliosoma Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, walishakutana na Cicero bila kumtilia maanani, anapita mle na mistari michache tu. Na Shakespeare mwenyewe habari za tamthilia ile alizichota kwa huyuhuyu Plutarch. Kwa hiyo hatuendi ugenini sana.

Kuhusu urefu, maana wengine hilo ndo linawaamulia: maisha ya Demosthenes ni sura 31, ya Cicero sura 49, na mizani ya mwisho ni sura 5, na sura zenyewe fupi, nyingine haifiki hata ukurasa. Demosthenes unammaliza kwa jioni mbili, Cicero anataka wiki. Kwa Kiingereza tafsiri za zamani zipo bure kwenye intaneti.

Sasa watu wenyewe.

Demosthenes alizaliwa Athene mwaka 384 KK na hakuzaliwa maskini, baba yake alikuwa na karakana ya visu na mapanga na nyingine ya vitanda, ila akafa mtoto ana miaka 7. Plutarch anasema mali iliyobaki ilikaribia talanta 15. Talanta moja ni drakma 6,000, na fundi wa Athene alikuwa anapata kama drakma moja kwa siku, yaani talanta moja tu ni kazi ya miaka 16 na ushee, piga mwenyewe hesabu ya 15. Wasimamizi watatu wa mirathi wakaitafuna mpaka hata walimu wa mtoto hawakulipwa ada yao. Stori hii haina haja ya kutafsiriwa, karibu kila ukoo una yatima wake aliyefanyiwa hivi. Kijana alipofikisha umri akamburuza mahakamani mmoja wao, Aphobus, akashinda, ikaamriwa alipwe talanta 10, lakini kuamriwa na kulipwa ni vitu viwili, alichoambulia ni kidogo tu. Alichopata cha maana ni kwamba alionja kusimama mbele za watu.

Shida ni kwamba hakuwa na sauti. Pumzi fupi, ulimi mzito, anakata sentensi katikati kwa sababu hewa imeisha. Siku alipopanda kwenye mkutano wa wananchi wakamcheka na kumzomea, akashuka. Kuna siku nyingine kazomewa hivyohivyo anarudi nyumbani kajifunika uso, mwigizaji mmoja wa jukwaani anaitwa Satyrus akamfuata nyuma mpaka ndani, akamwambia hebu nighanie beti za Euripides au Sophocles, watunzi wakubwa wa tamthilia. Akaghani. Satyrus akazichukua beti zilezile akazighani yeye kwa sauti na mwili unaozistahili, na Demosthenes akaona kabisa hizi si beti alizosema yeye, ni kitu kingine. Hapo ndipo alipoelewa.

Alichofanya baada ya hapo ndicho wengi wanakijua, lakini wanakijua kwa juu juu. Alichimba chumba chini ya ardhi, anashuka kila siku kufanya mazoezi ya sauti, na mara nyingine anakaa humo miezi miwili mitatu mfululizo, ili asishawishike kutoka ananyoa nywele upande mmoja wa kichwa tu, aone aibu kwenda mtaani. Anaweka kokoto mdomoni akisema ili ulimi ukae sawa. Anapanda mlima huku akitoa maneno kwa pumzi moja. Anasimama mbele ya kioo kikubwa anajitazama. Hizi za kokoto si porojo za vijiweni, Demetrius wa Phaleron, mwandishi na mwanasiasa wa Athene, alisema alizisikia kwa Demosthenes mwenyewe akiwa mtu mzima sana.

Ila na madhara yake yapo. Alizoea kuandaa kila kitu, hapendi kuitwa kusema papohapo, wananchi wanaita jina lake na yeye kanyamaza kwa sababu hakujiandaa, wapinzani wakawa wanamwambia hoja zako zinanuka utambi wa taa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike yuko hivihivi, daftari limejaa, kila hoja ina namba, na mtu akimrushia swali ambalo halipo kwenye daftari anaganda.

Cicero ni kinyume kabisa. Alizaliwa Arpinum, mji wa milimani mbali kidogo na Roma, mwaka 106 KK, familia ina uwezo lakini hakuna aliyewahi kushika cheo kikubwa Roma. Jina lenyewe limetokana na dengu, babu yao mmoja alikuwa na alama puani kama mkato wa dengu. Alipoingia siasa marafiki wakamshauri abadilishe, akawaambia nitalifanya jina hili liwe kubwa kuliko ya hao mnaowaheshimu. Na akiwa ofisa wa fedha Sicily alitoa chombo cha fedha kwa miungu, akaandikisha majina yake mawili ya mwanzo na pale pa la tatu akamwambia fundi achore dengu. Huyo ndo Cicero, anakupenda ukimtazama.

Kipaji alikuwa nacho cha kuzaliwa. Alienda kusoma Ugiriki na Rhodes, mwalimu wake Apollonius hakujua Kilatini akamwambia toa hotuba kwa Kigiriki, akatoa, wengine wote wakashangilia, mwalimu kakaa kimya muda mrefu ameinama. Mwishowe akamwambia nakusifu Cicero, ila naisikitikia Ugiriki, maana vitu viwili tulivyobaki navyo, elimu na ufasaha, navyo unavipeleka Roma.

Ugonjwa wake ulikuwa sifa. Akirudi kutoka hukohuko Sicily, alikofanya kazi nzuri kweli na watu wa kule wakamheshimu kupita kawaida, alikuwa anaamini Roma nzima inamzungumzia. Njiani akakutana na mkubwa mmoja aliyemhesabu rafiki, akamuuliza watu mjini wanasemaje juu ya kazi yangu. Jamaa akamjibu, kwani Cicero, muda wote huu ulikuwa wapi? Akavunjika moyo kabisa. Kijana mwenye akili angejifunza pale, na yeye kwa muda alijifunza kidogo, lakini kiu haikuisha mpaka kaburini.

Mwaka 63 KK akawa konsuli, cheo cha juu kabisa, mtu asiye na ukoo wa jina. Mwaka huohuo akaivumbua njama ya seneta mmoja, Catiline, ya kupindua serikali. Wenzake Catiline watano waliokamatwa mjini, seneti ikajadili, Caesar akapinga kuuawa kwao, seneta mwingine, Cato, akakaza wauawe, na jioni ya tarehe 5 Desemba Cicero akawashusha mmoja mmoja gerezani wakanyongwa bila kesi. Alipotoka akakuta kundi uwanjani halijui kilichotokea, akasema neno moja tu la Kilatini lenye maana ya “waliishi”, maana Warumi waliogopa kutaja kifo waziwazi. Usiku ule akarudi nyumbani katikati ya taa, watu wameweka taa milangoni, wanawake wanamulika kutoka juu ya mapaa, wanamwita mwokozi wa nchi.

Usiku ule ndio uliomharibu, mi naamini hivyo. Hakushuka tena kutoka kwenye yale mapaa. Plutarch anasema ikafika hali hakuna kikao cha seneti wala mahakama ambapo hujasikia Catiline, Catiline, mpaka waliompenda wakachoka. Na wale watano walionyongwa bila kesi wakaja kumdai, mwaka 58 KK adui yake Clodius akapitisha sheria dhidi ya aliyeua raia bila hukumu, Cicero akakimbia nchi, nyumba yake ikabomolewa. Aliitwa kurudi mwaka uliofuata.

Ukiongeza na ulimi wake sasa. Metellus Nepos alikuwa anabishana naye akimkumbushia kila saa kwamba hana ukoo, baba yako nani, baba yako nani. Cicero akamjibu, wewe swali hilo mama yako amelifanya kuwa gumu zaidi kwako. Watu walicheka bila shaka, ila kila kicheko cha namna hii kilimwongezea adui mmoja wa maisha. Wale mnaoongea vizuri bila kuandaa, hapa pasomeni mara mbili.

Kwenye hela, hapa hakuna mjadala, Cicero anashinda. Alitawala Cilicia, kusini mwa Uturuki ya leo, enzi ambazo gavana wa Kirumi kwenda mkoani ilikuwa sawa na kwenda kuvuna, na yeye akakataa zawadi, akarudi safi. Demosthenes je. Mwaka 324 KK Harpalus, mtunza hazina wa Alexander, alikimbilia Athene na pesa za bosi wake. Mwanzo Demosthenes alipinga asipokelewe. Siku chache baadaye wanakagua mali, Harpalus akamwona anakikodolea macho kikombe kimoja cha dhahabu, akampa akipime kwa mkono, Demosthenes akauliza hiki kina uzito gani, akajibiwa kwako wewe kitaleta talanta 20. Usiku kikombe kikaletwa nyumbani na talanta 20 ndani. Kesho yake mkutanoni Demosthenes kaja kajifunga sufu shingoni, anaashiria sauti imekauka hawezi kusema, watu wakawa wanasema jana usiku kabwa na koo la fedha. Alikutwa na hatia, faini talanta 50, hana, akafungwa, akatoroka.

Inauma, kwa sababu ni sauti ileile ya kokoto na chumba cha chini. Mtu kaijenga miaka na miaka halafu siku moja anaizungushia sufu.

Lakini msimamo wa kisiasa alikuwa nao kuliko Cicero, hapa simwonei mtu. Kuanzia 351 KK alikuwa anawaambia Waathene mfalme Philip wa Makedonia, baba yake Alexander, anakuja kutumeza, akasema hivyohivyo miaka kumi na zaidi bila kugeuka, akawaunganisha na mji wa Thebes waliokuwa maadui zao wa zamani, na 338 KK wakakutana na Philip kwenye uwanda wa Chaeronea, mji wa Plutarch, wakapigwa. Demosthenes alikuwa askari wa kawaida mle. Plutarch anaandika bila kumficha kwamba alitupa silaha akakimbia, na ngao yake ilikuwa na maandishi ya dhahabu, Bahati Njema. Na bado Waathene walipowazika vijana wao walimchagua yeye aseme maneno ya mazishi. Ni heshima kubwa sana hiyo, kwamba mzazi aliyepoteza mtoto kwa ushauri wako anakuita wewe umzike. Cicero huku, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Caesar na Pompey vilipoanza 49 KK, anaandika kwenye barua kwamba anajua amkimbie nani, hajui amfuate nani, miezi inakatika yuko kwenye nyumba zake za shamba anapima upepo.

Kufa walikufa karibu sawa. Demosthenes 322 KK, Waathene wameasi tena baada ya Alexander kufa na wamepigwa tena, amekimbilia kisiwa cha Calauria ndani ya hekalu la Poseidon. Aliyetumwa kumkamata ni Archias, aliyewahi kuwa mwigizaji. Anambembeleza atoke. Demosthenes akasema ngoja niwaandikie wa nyumbani, akaweka kalamu ya tete mdomoni kama alivyozoea akiwaza, akaing'ata, sumu ilikuwa humo. Akajifunika kichwa, askari wakadhani anaogopa. Alipoona imeshaingia mwilini akajikongoja atokee nje ili asilinajisi hekalu, akaanguka alipoipita madhabahu.

Cicero tarehe 7 Desemba 43 KK. Caesar keshauawa, na mzee ambaye maisha yake yote alikuwa anapima upepo safari hii hakupima, akamshambulia Mark Antony, mtu wa Caesar, kwa hotuba 14, na hotuba hizo akaziita za Kifilipi, kwa kumfuata Demosthenes aliyemshambulia Philip. Mnaona sasa kwa nini nawaweka pamoja. Antony akadai kichwa chake, Octavian, mrithi wa Caesar, kijana ambaye Cicero alimbeba, alimtetea siku mbili, ya tatu akamwachia. Walimkuta anabebwa na watumwa kwenye njia ya miti kuelekea baharini, na aliyeongozana na wauaji ni Popillius, ambaye Cicero aliwahi kumtetea mahakamani kwa kesi ya kumuua baba yake. Akaamuru machela ishushwe, akashika kidevu kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake, nywele zimejaa vumbi, akatoa shingo nje. Alibakiza chini ya mwezi mmoja afikishe miaka 64. Kichwa na mikono vikatundikwa Roma juu ya jukwaa lilelile alilokuwa anahutubia. Mdomo huponza kichwa, wanasema wazee, hapa imetokea kama ilivyo.

Plutarch kwenye kifo anampa Demosthenes, kwenye uhamishoni anampa Demosthenes pia, maana huyu hata akiwa mkimbizi alizunguka miji kuwaamsha Wagiriki, wakati Cicero alikaa Makedonia kanywea. Kwenye hela na uadilifu wa ofisi anampa Cicero. Kwenye majivuno anamtia Cicero makosani.

Ushauri wangu mimi usichague kwa ushindi wa mtu, chagua kwa ugonjwa wake. Kama wewe una kipaji, unaongea na watu wanacheka, unapenda kupigiwa makofi, usianze na Cicero, utampenda kwa sababu zisizofaa, anza na Demosthenes ukaone kazi ya chumba cha chini. Kama wewe ni wa daftari, mgumu, unajiandaa mpaka usiku wa manane, huyo Demosthenes unaye tayari ndani, nenda kwa Cicero uone mtu anayebadilika, anayechekesha, anayekosea hadharani na kurudi. Anayetaka kuingia siasa za kweli asome wote, ila kikombe cha Harpalus akisome kwanza. Na mwenye muda mfupi ni Demosthenes bila kuuliza.

Ila kama unauliza nani utaishi naye muda mrefu, ni Cicero, kwa sababu ametuachia barua, pamoja na walizomwandikia wengine zinapita 900, humo hana jukwaa, yuko yeye na rafiki yake Atticus, anaogopa, analalamika, anajuta.

Nina mahali pamoja ambapo naombaga kila mtu asimame. Wote wawili walifiwa na binti. Wa Demosthenes alikufa 336 KK, na siku ya saba tangu kifo habari ikafika Athene kwamba Philip kauawa, Demosthenes akavua msiba akatoka na nguo safi na taji la maua kichwani kushangilia. Mpinzani wake Aeschines alimsema sana, kwamba asiyempenda mwanawe hawezi kuwapenda wananchi. Plutarch anamtetea, anasema mtu wa umma anatakiwa kuyaweka ya nyumbani chini ya ya nchi. Nilipokuwa kijana nilikubaliana na Aeschines moja kwa moja. Baadaye nikajua kwamba Plutarch naye alizika binti, Timoxena, wa miaka miwili, akiwa safarini akamwandikia mkewe barua ya kumtuliza asilie kupita kiasi, na barua hiyo ipo. Kwa hiyo anayemtetea Demosthenes si mtu asiyejua, ni baba mwenzake. Cicero alifiwa na Tullia Februari 45 KK baada ya kujifungua, akakimbilia Astura kando ya bahari, anamwandikia Atticus kwamba asubuhi anaingia kwenye msitu mnene wa miiba na hatoki mpaka jioni, hasemi na mtu, anasoma tu, na hata kusoma kilio kinamkatiza.

Kijana mmoja wa Jumamosi, mchekeshaji wetu, nilimpa Demosthenes kama nilivyosema hapo juu. Nikajua atarudi na kokoto. Alirudi na swali moja, yule binti aliitwa nani. Nikamwambia Plutarch hakulitaja, na Aeschines aliyemlilia mahakamani hakulitaja. Akakaa kidogo, akasema basi nipe barua za yule mwingine.